Boya Linalopanda

"Dada, boya lako limeibwa!" Griffin alifoka kwenye simu mpaka kuku aliyelalia mayai chini ya meza akatoka mbio.

Dada yake alikuwa Kilifi, akisomea jinsi maji yanavyoingia na kutoka kwenye mkono wa bahari. Boya lilikuwa la chuo, la kuachiwa lielee na maji huku likituma habari za mahali lilipo. Likipotea, masomo yake yameenda nalo. Griffin, fundi wa kompyuta wa Navakholo aliyeijua bahari kwa picha za kalenda tu, aliachiwa kazi ya kulifuata kwenye skrini.

Sasa nukta nyekundu ya boya ilikuwa inakimbia kuelekea bara. Griffin alijua maji hushuka tu: ndala yake ilipoangukia mto Isiukhu wa kwao ilishuka moja kwa moja, hata kwaheri haikusema.

"Maji haipandangi, dada! Ni yule mzee wa mtumbwi anayekupelekanga majini. Nimeshapigia polisi wa huko."

"Umefanya nini?"

"Nimekuokoa!"

"Wewe ni mjinga wa wapi? Mzee ndiye huyu, nimekaa naye tangu..."

Zikasikika sauti nyingine, nzito, za polisi, zikimwuliza mzee boya amelificha wapi. Mzee alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Kama mzee yuko pale, nani analivuta? Griffin alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye skrini. Akaufuta kwa kidole gumba.

Nukta ilikuwa imesimama. Ikatikisika kidogo, kisha, bila kuguswa na mtu, ikaanza kurudi baharini ilikotoka, maji yakitoka.

"Haya, mzee, simama," mtu alisema kwenye simu. "Twende."