Mume wa Bibi Hester

Majina kumi na manne yalikuwa ubaoni, na Bibi Hester alitaka la kumi na tano liandikwe.

"Mume wangu kaenda kwenye barafu," alisema, akikung'uta theluji mlangoni. "Mwandike. Halafu waite wenzake wamtafute."

Daktari Pell, mtafiti wa barafu, aliinua macho kutoka kwenye rada. Alikuwa peke yake kibandani, ufukweni, na redio ya mawasiliano mkononi. Tangu asubuhi upepo ulikuwa umegeuka. Sasa ulitoka nchi kavu na kuisukuma barafu baharini. Wawindaji nyangumi wote wa kijiji walikuwa ukingoni mwa barafu, maili mbili kutoka hapo, wakivunja kambi. Amos, mwana wa Bibi Hester, ndiye aliyekuwa nahodha wao. Kila mmoja alikuwa ameandika jina lake ubaoni kwa mkono wake, na akirudi angelifuta mwenyewe. Hakuna wa kumfutia mwenzake.

"Nasugruk?" Pell aliuliza taratibu.

"Kwani nina mume mwingine?"

Pell alilijua jina hilo. Mwaka uliopita alifukia vipimajoto kando ya makaburi ili ajue udongo ulioganda unayeyuka kwa kiasi gani. Msalaba wa Nasugruk ulikuwa umeinama hatua mbili tu kutoka shimo la kwanza la vipimajoto. Miaka tisa chini ya ardhi. Pell mwenyewe ndiye aliyeusimamisha tena msalaba na kuushindilia mawe.

Hakumshangaa sana bibi. Hapa watu walikuwa na maneno yao. Juzi tu, dukani, muuzaji alimwinamia mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, akamwuliza, "Shangazi, leo unanunua nini?" Watu wakacheka. Pell naye akacheka, asijue anacheka nini.

"Ametoka saa ngapi?"

"Nilipokuwa nachemsha chai. Si unamjua, haambiwi. Kofia hataki, glovu hataki. Anasema anakwenda kuangalia bendera."

Bendera zilikuwa za Pell. Ishirini, nyekundu, kutoka ufukweni hadi ukingoni, kila moja penye tundu la kupimia unene wa barafu. Mwezi Machi watoto wa darasa la kwanza walikuja kumsaidia kuziandika namba na kuzichomeka. Josie, binti wa Amos, aliandika saba yake kinyume, na alipoambiwa airekebishe akasema saba ni yake, ataiandika apendavyo.

Kwenye rada ufa ulikuwa umefunguka baada ya bendera ya sita. Upana wake ulikuwa bado hatua moja. Mtu angeweza kuuruka. Lakini wawindaji walikuwa wakirudi kwa njia ya kaskazini, nyuma ya vilima vya barafu, na kule nako kulikuwa kunapasuka. Akiwageuza watu kumi na wanne waende kumtafuta marehemu, nani angewatafuta wao?

Pell aliinua redio mdomoni, akasema maneno machache. Kitufe hakukibonyeza.

"Nimeshawaambia, bibi. Wanamtafuta."

Bibi Hester alishusha pumzi. "Ahsante, mwanangu. Kumbe wewe si mbaya kama chai yako."

Alikaa kwenye kiti karibu na jiko, akatoa mfukoni buti ya ngozi ya sili, mnyama wa baharini, aliyokuwa akiishona, akaanza kuing'ata soli ili ilainike. Za zamani zimembana, alieleza. Kila mwaka zinambana. Pell aliitikia kwa kichwa, akageukia rada asije akaonekana machoni. Mguu wa maiti haukui, alijiambia.

Saa saba na nusu aliandika daftarini: ufa, mita tatu. Saa nane: mita arobaini. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuupata ufa tangu unapozaliwa, dakika kwa dakika. Alijiona mwenye bahati, akaona haya.

Kisha zikasikika pikipiki za theluji. Wakaingia mmoja mmoja, ndevu zimeganda, wakitaniana ni nani aliyelia njiani, na kila mmoja akafuta jina lake. Amos alifuta la mwisho. Ubao ukabaki mweupe. Pell akahesabu. Kumi na wanne walikwenda, kumi na wanne wamerudi.

Amos alimgeukia mama yake.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Nikuulize wewe." Alimwonyesha Pell kwa ncha ya sindano. "Si huyu aliwaambia mumtafute?"

Watu wote wakamtazama Pell. Kisha wakatoka mbio, wote kumi na wanne, miguu iliyochoka, kamba zikiburuzika, na Pell akawafuata na rula yake ya kupimia barafu mkononi. Bado alikuwa akijiuliza ni kichaa gani hiki kinachoshika kijiji kizima, watu wazima kukimbilia msalaba.

Bendera ya tano ilikuwepo. Ya sita ilikuwepo. Baada ya hapo hapakuwa na bendera wala barafu; maji tu, meusi, yakitoa mvuke.

Alama za viatu zilipita kando ya bendera ya sita, zikaenda moja kwa moja hadi ukingo wa maji. Hazikurudi. Pell alipiga magoti, na kwa mazoea ya kazi akailaza rula juu ya mojawapo.

Sentimita kumi na nane.

Juu yake, Amos alikuwa akiita upande wa bahari, mikono mdomoni, "Baba! Baba!" Alinyamaza, akasikiliza. Kisha akajaribu jina la shuleni la yule aliyepewa jina la marehemu.

"Josie."