Kitabu Kilichoota Nyuma ya Jiko

Siku hizi vitabu vya historia ya vijiji vya mlimani havikai tena rafuni, maana karatasi huoza na mashine hufa. Maktaba huviandika ndani ya chembe hai za mgomba, na kila chipukizi linalohamishwa huwa nakala ileile, neno kwa neno. Aikande, mkutubi, alikuwa amepanda historia ya kijiji chao nyuma ya jiko la mama mkwe wake, Anasia.

Asubuhi hiyo alichana kipande cha jani, akakitia kwenye kifaa cha kusomea. Mwishoni palikuwa na ukurasa ambao hakuna mtu aliyeuandika. Sheria ilikuwa wazi: mgomba uliobadilika hung'olewa na kuchomwa, usije ukaharibu nakala nyingine. Akaenda kuchukua panga. Lakini angeukataje kabla hajajua umesema nini?

Akasoma: "Anasia ndiye aliyekuwa wa mwisho kijijini kujua kupika kiburu."

"Mama Kunda!" Anasia alimwita mkwewe kutoka jikoni, akikoroga sufuria ya kiburu, ndizi na maharage. "Huu mgomba wako unanichungulia dirishani tangu juzi. Unataka nini kwangu?"

Aikande aliegemeza panga ukutani, akaingia.

"Mama, leo kiburu nimalizie kupika mimi. Wewe nielekeze tu."

"Makubwa! Miaka yote nakuita hutaki, leo umeota nini?"

Nje ya dirisha, jani jipya la mgomba lilikuwa limeanza kukunjuka, likielekea jikoni.