Bibi Mwenye Kikapu

Kampuni iliyotengeneza gemu ile ya shujaa mwenye upanga iliiuza kwingine kote, ikakataa kuileta kwa Kiswahili. Kwa hiyo katika banda la gemu la mji ule, Tausi ndiye aliyeisimulia. Wachezaji walishika pedi za kuchezea, yeye akashika maikrofoni na kuwasemea wahusika wote, ingawa lugha yao hakujua hata neno. Bibi mmoja mwenye kikapu, Tausi alimfanya mama mkwe wa shujaa, na kila mchezaji alimlinda kwa upanga.

Miaka ikapita, toleo la Kiswahili likafika. Banda lilijaa. Maandishi yakatokea chini ya skrini: bibi yule ndiye aliyemlisha mfalme sumu, na shujaa ametumwa kumuua.

Shomvi, aliyekuwa na pedi, akageuka. "Dada Tausi, ulitudanganya?"

"Wao wa kampuni ndio waliochelewa," Tausi akasema. "Huyu ni mkwe wetu, tumekaa naye sisi. Nani humu atamchinja?"

Kidole gumba cha Shomvi kilikaa juu ya kitufe cha upanga. Kwenye skrini bibi alisimama mlangoni na kikapu chake. Tausi akawasha maikrofoni, akamsemea kwa sauti ile ile ya siku zote:

"Karibu mwanangu. Nimekuletea chakula."