Chungu cha Mama Kambale

Katika bwawa moja lililojaa samaki na majivuno, paliondokea Kamongo, samaki mwenye mapafu. Asipopanda juu kuvuta hewa, hufa maji kama mbuzi. Siri hiyo hakumwambia hata mchumba wake, na siku ya kujitambulisha ukweni, kwa kina Kambale, aliibeba hadi chini kabisa ya bwawa.

Mzee Kambale akaanza kumsimulia nasaba. "Baba, ukoo wetu ni samaki halisi. Kupanda juu na kutweta ni kazi ya vyura."

"Naam, mzee," akajibu Kamongo, kifua kikimbana.

Kuinuka mkwe akizungumza ni utovu wa adabu, kwa hiyo akavumilia. Mama mkwe tu ndiye aliyekuwa akinyanyuka kila mara. "Niwieni radhi, naangalia chungu jikoni," akawa anasema, kisha anatoweka.

Mzee alikuwa na mababu tisa wa kutaja. Alipofika babu wa tano, Kamongo aliona giza. "Posa na ivunjike," akajisemea, akafyatuka mpaka juu, akavuta hewa kwa kishindo. Alipofumbua macho, mama mkwe alikuwa kando yake, mdomo wazi juu ya maji.

Wakatazamana.

"Mwanangu," akasema mama, "jiko letu liko huku."

Kabla Kamongo hajajibu, maji yalipasuka katikati yao, akaibuka mzee, akihema.

"Nimekuja," alisema, "kuangalia kama chungu kimeiva."