Jina la Khalayi

"Sasa kwa hicho kitabu, jina la mtoto wangu utaliandika vizuri? Ni Khalayi," Mama Khalayi aliniambia, amempakata mwanangu mchanga.

Nilikuwa nimemaliza kumrekodi kwa utafiti wangu wa uzamivu kuhusu mafuriko ya mtaa wa Huruma. Maji yalimchukua binti yake wa pekee.

"Mama Khalayi, majina ya kweli hatuandiki. Ndiyo sheria ya utafiti."

Laiti ningalimweleza hayo kabla ya kumrekodi, kabla hajaanza kulia.

"Woi! Kwani huko ataitwa nani?"

"Mtoto wa kike, miaka mitatu."

Akanirudishia mwanangu taratibu, amemshikilia shingo kwa kiganja.

"Basi futa yote, dada. Nilitaka watu wasome jina lake."

Nikachukua simu niliyomrekodia. Sura nzima ya tasnifu yangu ilikuwa humo. Akasogea karibu, akikitazama kidole changu juu ya kitufe cha kufuta.