Maji ya Tatu

Mjane alilipindua kopo la kusafishia filamu mara ishirini, kisha akamwaga maji ya tatu kwenye sinki la bafuni. Marehemu mumewe hakuwa na mzaha na kusuuza: maji ya kwanza mara tano, ya pili mara kumi, ya tatu na ya mwisho mara ishirini, la sivyo dawa hubaki na picha huota madoa. Akiitwa mezani alijibu, "Chai ikipoa tutaipasha."

Hii ndiyo filamu waliyoikuta ndani ya kamera yake baada ya mazishi.

Akaitoa taratibu, akaiinua kwenye taa. Matone yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Mzee wa watu! Picha zote thelathini na sita zilikuwa za mkewe, amelala fofofo. Na kwa kuwa kwenye filamu cheupe huonekana cheusi, mvi zake zote zilikuwa nyeusi tii, kama siku ya harusi.

Binti yake akagonga mlango. "Mama, zimetoka? Nizipeleke zikachapwe?"

Zikichapwa, mvi zitarudi.

"Bado, mwanangu." Akaitumbukiza filamu koponi, akafungulia bomba. "Ndiyo kwanza naisuuza."

Akalipindua kopo. "Moja," akahesabu.