Tambuu ya Mwenye Nyumba

Mtambuu ulikuwa umetambaa juu ya turubai la kibanda cha Senuara hadi mwanga wa ndani ukawa wa kijani, kama chini ya maji. Alivuka mto na pingili yake moja, ameifunga kwenye kitambaa kilicholowa, siku askari walipochoma kijiji wakisema watu wake hawana nchi.

Mkuu wa kambi ya wakimbizi alisimama mlangoni.

"Mama, mmea huu ung'oe. Hapa nyinyi ni wageni tu."

"Karibu, baba," alisema Senuara, akimkunjia jani la tambuu lenye popoo na chokaa, la kutafuna.

Kwao, anayetoa tambuu ni mwenye nyumba, mgeni hupokea.

Mkuu alipokea, akatafuna polepole, midomo ikawa myekundu. Majani yalitikisika bila upepo. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.